Mwaka wa saba wa kusubiri, na nimegundua nilikuwa nasubiri vibaya

Fundi Saa (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu. Mwenye haraka apite kwa amani, ingawa nadhani wenye haraka ndio hasa ninaowalenga.

Mimi na mke wangu tunatafuta mtoto, mwaka wa saba sasa. Vipimo tumepima vyote, yeye na mimi, na jibu tulilopewa ndilo gumu kuliko yote: hakuna kasoro inayoonekana. Tatizo lingekuwa na jina, ningelichukia kwa jina lake. Hapa hakuna wa kuchukia. Kuna kalenda tu, na kila mwezi kuna siku moja ambayo nyumba nzima inanyamaza.

Msinipe pole, ninazo za kutosha. Nataka kusimulia jambo lililotokea miezi minne iliyopita.

Tuna chumba cha ziada. Tangu tuhamie kinaitwa "chumba cha mtoto", na ndani kuna kitanda kidogo tulichonunua mwaka ule wa kwanza kwa furaha na kiherehere. Hakuna mtu aliyewahi kukilala chumba hicho. Mgeni akija, sebule inamhusu. Mke wangu ni fundi cherehani, na miaka yote hii alikuwa anashonea kwenye meza ya kula. Chakula kikiiva anakunja vitambaa, tukimaliza kula anavikunjua. Siku moja narudi kazini nakuta cherehani iko ndani ya kile chumba, chini ya dirisha, naye anashona. Hakuniuliza. Niliwaka, wakuu. Maneno niliyomwambia siyaandiki hapa, ila maana yake ilikuwa moja: umekata tamaa. Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja, akanijibu bila hata kupandisha sauti: "Sijakata tamaa. Nimechoka kukunja vitambaa."

Usiku ule sikulala. Nikaanza kuhesabu tulivyoviahirisha. Kazi ya mbali niliyoikataa, kwa sababu je, akishika mimba nikiwa huko? Masomo aliyotaka kuyaanza. Hata safari ya kwenda kumwona dada yake, tuliiahirisha mara tatu. Kila kitu ni "tungoje kwanza mwezi huu upite". Miezi zaidi ya sabini, na kila mmoja ulikuwa "mwezi huu". Maisha yetu yote tuliyaweka kiporo, na mimi nilikuwa najiita mvumilivu.

Mimi nikipatwa na jambo hutafuta limewapataje wengine. Nikarudi kwenye habari ya wale wachimbaji wa Chile. Mnaikumbuka? Tarehe 5 Agosti 2010 mgodi wa San José uliporomoka, watu 33 wakabaki chini, karibu mita 700. Wengi tunakumbuka mwisho wake, kile chombo chembamba kikiwapandisha mmoja mmoja. Mimi nilikwenda kusoma habari ya katikati.

Siku 17 za mwanzo hakuna aliyejua kama wako hai. Chakula cha dharura kilikuwa cha siku mbili. Wakakigawa: kijiko cha samaki wa kopo, funda la maziwa, kipande cha biskuti, na baada ya hapo mpaka kesho kutwa. Tarehe 22 Agosti bomba la kutobolea likawafikia, nao wakalifungia karatasi yenye maneno machache kwamba wako salama kwenye hifadhi, wote 33.

Hapo sasa ndipo paliponishika. Wa juu walijua uokoaji ungechukua miezi, na walihofia kuwaambia. Mwishowe waliwaambia: msitarajie kutoka kabla ya katikati ya Septemba, tunatumaini Krismasi mtakuwa nyumbani. Hebu fikiria uko chini ya mwamba na unaambiwa hivyo! Lakini hawakuvunjika. Walijigawa makundi matatu ya zamu, wakaweka taa za kuwatenganishia mchana na usiku, wakaondoa mawe na udongo uliokuwa ukimwagika chini kadiri tundu la uokoaji lilivyochimbwa. Tarehe 13 Oktoba wote 33 wakawa juu. Siku 69. Msimamizi wa zamu, Luis Urzúa, akatoka wa mwisho.

Wale watu hawakusema tutaishi tukitoka. Walihamia kule chini. Mke wangu alipoingiza cherehani chumbani alikuwa amehamia. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mabegi.

Nawauliza: wewe unasubiri nini, na umeweka nini kiporo?

Msomaji Kimya

Nimeweka kambi hapa.

Kibatari

Mkuu, heshima kwako na kwa shemeji. Lakini mimi sikubaliani nawe, na naomba usichukie.

Mwaka wa tano huu tangu nihitimu, sina kazi. Barua za maombi niliacha kuzihesabu zilipopita mia mbili. Sasa wewe unaniambia nihamie humu? Mtu akizoea kukosa, ndiyo basi tena. Hasira ndiyo inayoniamsha asubuhi nikaoge, nivae shati, nitoke. Siku nitakayoona hali hii ni ya kawaida, nitalala mpaka saa sita. Wahenga waliosema subira huvuta heri ndio hao hao waliosema ngojangoja huumiza matumbo, na tena chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mbona hizo mnazificha?

Halafu kuna jambo moja linaniudhi. Anayekuambia uvumilie siku zote ni mtu ambaye chake ameshakipata.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, naandika nikiwa nasubiri kukabidhi zamu, mnisamehe nikikatisha.

Mleta uzi, umegusa kitu ambacho sisi tunakiona wodini kila siku ila tunakosa maneno ya kukielezea. Kuna wagonjwa ambao sehemu ya utumbo mkubwa hukatwa, kisha mdomo wa utumbo hutolewa kwenye ngozi ya tumbo, na choo kinatoka kupitia hapo kuingia kwenye mfuko. Wengine wanaambiwa hali hii ni ya kudumu. Wengine wanaambiwa huenda baadaye tukaurudisha utumbo ndani. Ungeniuliza nani ana bahati, ningekuambia ni huyo wa pili. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti, waliwafuatilia wagonjwa wa aina zote mbili kwa miezi sita tangu watoke hospitali. Walioambiwa ni ya kudumu walizidi kuridhika na maisha kadiri muda ulivyokwenda. Wale wa "huenda" hawakusogea.

Sababu nadhani mnaiona. Aliyeambiwa ni ya kudumu alijifunza kuvaa nguo zinazoficha mfuko, akarudi kazini, akazoea. Wa pili aliona hakuna haja ya kuzoea kitu cha kupita, akakaa kwenye ukingo wa kitanda akisubiri simu.

Sisemi tuwanyime wagonjwa matumaini, Mungu apishe mbali. Ila tumaini nalo lina mzigo wake, na anayelibeba haambiwi.

Fundi Saa

Zamu ya Usiku, umenimaliza. Ukingo wa kitanda, ndipo nilipokuwa.

Kibatari mdogo wangu, sijachukia hata kidogo. Hilo la mwisho ulilosema ni kweli tupu, ndiyo maana nimeandika nikiwa bado sijapata. Ningeandika nikiwa na mtoto mapajani ungekuwa na haki ya kunirushia kiatu.

Ila nikuulize: kinachokuchosha ni kukosa kazi, au ni zile "tutakupigia"? Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London walichapisha jaribio. Waliwakalisha watu mbele ya kompyuta wakabahatishe ni jiwe lipi lina nyoka chini yake. Nyoka akitokea, mkono unapigwa shoti ya umeme, ya kuumiza kweli. Wakapima jasho, wakapima mboni za macho. Waliohangaika zaidi si wale waliokuwa na hakika kwamba shoti inakuja. Ni wale ambao uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Yaani mwili unaona afadhali maumivu ya hakika kuliko "labda".

Wewe una "labda" mia mbili zimekaa kifuani. Shati livae, barua peleka. Ninachouliza ni saa zile za mchana ambazo simu haijalia: ziko mikononi mwa nani?

Kibatari

Hilo la "tutakupigia" umenipata. Naenda kulifikiria, lakini sijasalimu amri.

Baharia wa Nchi Kavu

Nami nikupinge kidogo, mleta uzi, kwa kisa cha barafuni.

Ernest Shackleton na watu wake 27 walikwenda kusini ya dunia na meli iliyoitwa Endurance, ambalo maana yake ni Ustahimilivu. Januari 1915 barafu ikaikamata, Novemba mwaka huo ikazama, Ustahimilivu wenyewe ukaenda chini (aliyetoa jina lile nadhani alikuwa hajaulizwa vizuri). Wakaishi juu ya barafu, kisha mwezi Aprili 1916 mashua tatu zikawafikisha kisiwa kimoja kitupu kinachoitwa Elephant. Shackleton akachukua watu watano, akaondoka kwa mashua kuvuka zaidi ya kilomita elfu moja za bahari mbaya kuliko zote kwenda kutafuta msaada. Waliobaki ni 22, chini ya Frank Wild.

Wakalala chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, juu ya ukuta wa mawe. Kijana mmoja vidole vya mguu vilioza kwa baridi, madaktari wawili waliokuwepo wakamkata vidole hivyo humo humo ndani, kwa mwanga wa mafuta ya wanyama. Sasa sikiliza. Kila asubuhi bahari ikionekana kufunguka, Wild alikuwa anawaamrisha wakunje mifuko yao ya kulalia, kwa sababu mkubwa huenda akafika leo. Zaidi ya miezi minne! Tarehe 30 Agosti mkubwa akafika kweli, kwenye jaribio lake la nne, na wote 22 wakiwa hai.

Kwa hiyo Wild hakuwaambia wahamie. Aliwaambia wakae mguu sawa. Mabegi mlangoni, kama wewe ulivyokuwa. Unasemaje hapo?

Fundi Saa

Baharia, nimekaa na swali lako siku mbili, nimemwuliza na mke wangu. Yeye kajibu akiwa na pini mdomoni: "Huyo Wild aliwaambia *huenda*. Wewe ulikuwa unaniambia *mwezi huu*."

Mimi ninaongezea: walikunja mifuko, kisha wakafanya nini? Wakaenda kuwinda sili na pengwini, wakapika, wakaziba matundu ya kibanda, jioni wakaimba. Kukunja mfuko kulikuwa mwanzo wa kazi za siku. Kwangu mimi kulikuwa ndiyo siku yenyewe.

Ila nakubali umenitikisa. Pengine mabegi hayana kosa, kosa ni kukaa juu yake.

Binti wa Pili

Nimesoma huu uzi toka juu mara tatu. Nina jambo ambalo sijawahi kulitamka, na hapa hakuna anayenifahamu.

Mama yangu alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita. Upande wa kulia haufanyi kazi, maneno yamebaki mawili matatu. Mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha, kumgeuza usiku asipate vidonda. Ndugu zangu wanapiga simu Jumapili. Kila mgeni anayeingia ananiambia: vumilia, atapona. Hatapona. Daktari aliniambia waziwazi, na namshukuru mpaka leo kwa kutonizungusha. Sasa ninyi mnasubiri mtoto, mnasubiri kazi, mnasubiri meli. Mimi nikiambiwa nisubiri, ninasubiri nini? Jibu ni moja tu, na binti hatakiwi kulitamka. Kuna usiku nimelifikiria, kisha nikaamka asubuhi nikamchana nywele huku machozi yananitoka kwa aibu.

Na kuna kingine. Wananisifu. "Hongera kwa subira yako." Nimeanza kulichukia lile neno. Subira yangu imekuwa ruhusa yao ya kutokuja.

Aliposema Zamu ya Usiku kuhusu wagonjwa wa kudumu na wa "huenda", nikajiona. Mwaka wa kwanza nilikuwa wa "huenda". Kila kidole kikitikisika namwita mtu aje aone. Ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote. Siku hizi siangalii vidole. Nimegundua nikimpaka mafuta miguuni ananguruma kidogo wimbo, hauna maneno, lakini ni ule ule kila siku. Nautambua sasa. Sijui kama hiyo ni subira au nini.

Msomaji Kimya

Dada yangu. Sina la kusema, ila nimekusoma.

Zamu ya Usiku

Binti wa Pili, ngoja nivue koti la kazi niseme nawe kama dada.

Wazo lile la usiku linawajia wauguzaji wengi mno. Wananiambia kwenye korido, sauti chini, kama wewe. Kutaka mateso yaishe si sawa na kumtakia mtu mabaya. Umechoka, na uchovu una sauti yake, usiipe cheo cha dhambi.

La pili, hao ndugu. Usiwaombe msaada, wapangie zamu. Ukisema "mje mnisaidie" kila mtu anasikia ameambiwa mwenzake. Sema: wewe kaka, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, mama anageuzwa kila baada ya saa mbili, dawa ziko kabatini, mimi sitakuwepo. Kisha usiwepo kweli. Mleta uzi ametuambia wachimbaji waliishi kwa zamu. Hakuna aliyekaa macho siku 69 peke yake akapigiwa makofi.

Mzee wa Kamusi

Wanangu, nimefika nimechelewa kama kawaida ya wazee.

Binti wa Pili anasema amelichukia neno. Nimpe habari ya neno lenyewe. Subira tumelipata kwa Waarabu, mzizi wake ni sabr. Sasa kuna neno jingine tunalo, shubiri, ule utomvu mchungu wa mmea ambao mama zetu walitupaka kutuachisha kunyonya. Tunasema jambo fulani ni chungu kama shubiri. Nalo lina mzizi ule ule. Subira na shubiri ni ndugu, wanangu. Aliyekuambia subira ni tamu hakuwahi kuionja, au alikuwa anakuuzia kitu.

Na watu wanadhani mwenye subira ni anayenyamaza. Hili ndilo lililonileta. Msomeni Ayubu, ambaye kila mtu anamtolea mfano. Mwanzo wa kitabu ananyamaza, ni kweli, lakini sura ya tatu anafungua kinywa anailaani siku aliyozaliwa, na kutoka hapo analalamika kurasa kwa kurasa. Kwenye Kurani, Yakobo alipoletewa kanzu ya Yusufu ina damu, alisema "subira njema", na baada ya miaka aliposema tena neno hilo hilo, aya inayofuata inaeleza macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Wanawe wakamlaumu. Akawajibu kwamba sikitiko lake anampelekea Mungu.

Kwa hiyo watu wawili ambao dunia nzima inawataja kwa subira, mmoja alilaani siku ya kuzaliwa, mwingine alilia mpaka akapofuka. Binti, wewe uliyelia ukimchana mama nywele umekaa nao benchi moja. Atakayekuambia acha kulalamika, mwulize amesoma wapi.

Mbishi Mkuu

Naona mnapakana mafuta. Acha nilete moshi kidogo.

Hiroo Onoda, luteni wa jeshi la Japani. Alipelekwa kisiwa cha Lubang, Ufilipino, Desemba 1944, akaambiwa asijisalimishe. Mwaka uliofuata vita vikaisha. Yeye akabaki msituni mpaka Machi 1974. Msiseme hakuambiwa! Vipeperushi vilimwagwa. Barua za ndugu na picha za familia zilidondoshwa na ndege. Yeye na wenzake wakazikagua wakaamua ni hila za adui. Mwenzao mmoja akatoroka, akajisalimisha mwaka 1950. Wawili wakauawa kwa risasi, mmoja 1954, mwingine 1972. Na katika miaka hiyo wanakijiji wasio na hatia waliuawa pia kwa ajili ya vita ambavyo havikuwepo. Ikabidi mkubwa wake wa zamani, aliyekuwa ameshavua gwanda anauza vitabu, asafirishwe hadi kisiwani amsomee amri ya kuacha.

Uvumilivu ule nani humu anao? Hakuna. Basi msiniambie uvumilivu ni sifa. Ni kama kisu, inategemea unakata nini. Wangapi wamevumilia ndoa ya kipigo wakisubiri mume abadilike? Wangapi wamekaa kwenye kazi isiyolipa mwaka wa tatu kwa sababu bosi alisema mambo yatakaa sawa? Huko nako mnahamia?

Fundi Saa

Mbishi, umefanya kazi yako, na sitaki kukupa jibu rahisi.

Wa kipigo atoke. Leo, usiku huu, hata bila mabegi. Hapo sina mjadala, na aliyemfundisha kwamba ile ni subira alimdhulumu.

Huyo Onoda amenikalia vibaya kwa sababu ananifanana. Alikuwa na kila habari, ila kila habari aliipindisha mpaka ikasema anachotaka. Wachimbaji walifanya kinyume chake: walikuwa wanagonga mwamba, wanasikiliza. Bomba lilipofika walikuwa na karatasi tayari.

Jambo tulilofanya sisi wawili ni hili, sisemi linamfaa kila mtu. Tumeacha kujiwekea tarehe ya kupata. Tumejiwekea tarehe ya kuulizana. Mara mbili kwa mwaka tunakaa, tunazima simu, tunaulizana: bado tunataka kuendelea? Kuna habari gani mpya, na je, tumeisikia au tumeipindisha? Tumechoka kiasi gani, ukweli, si kwa kumfurahisha mwenzio? Tukisema tunaendelea, basi mpaka tarehe nyingine swali hilo haliingii mezani. Tukisema basi, ni basi, na tutazungumza njia nyingine, kulea mtoto wa mwenzetu ikiwemo. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Mimi ndiye niliyelia. Tumesema tunaendelea.

Kati ya tarehe na tarehe, mtu anashona nguo zake, mwingine anatengeneza saa zake.

Mbishi Mkuu

Sawa. Hilo la tarehe ya kuulizana nalichukua. Msidhani nimelainika.

Kibatari

Nimerudi, wiki ya tatu sasa.

Nimefanya jambo dogo. Barua za maombi natuma Jumatatu na Alhamisi asubuhi tu, nikishatuma sizifungui tena kuangalia nani kajibu mpaka jioni. Siku nyingine nipo kwa jirani mmoja anatengeneza majokofu, namshikia tochi na kumpa bisibisi. Hanilipi, ananipa nauli. Juzi kaniachia nichomelee bomba peke yangu, nikalitoboa. Akacheka mpaka akakaa chini.

Hasira bado ninayo, mleta uzi. Ila siku hizi saa sita inafika sijaiangalia simu.

Binti wa Pili

Kaka mkubwa alikuja. Nilimpangia kama dada muuguzi alivyosema, nikaondoka kweli, nikalala kwa rafiki yangu saa kumi na moja mfululizo. Siku ya pili akanipigia analalamika mgongo. Sikumpa pole.

Aliporudi kwake amenitumia ujumbe mmoja tu: "Ule wimbo anaouimba ni upi?" Nimemwambia hata mimi sijui.

Msomaji Kimya

Mleta uzi, tuambie basi, shemeji hajambo? Chumba je?

Fundi Saa

Hajambo, anawasalimu, na anasema Baharia akija mjini kwetu atamshonea mfuko wa kulalia.

Chumba sasa ni chake. Nimemtengenezea rafu ukutani na kuhamisha taa iwe juu ya sindano. Meza ya kula iko wazi, ingawa juzi nimekalia pini. Bado ulimi unateleza nakiita chumba cha mtoto, naye hanisahihishi. Ana wateja wawili wapya, na mimi nimeshonewa shati. Mkono wa kushoto umezidi kidogo, nalivaa hivyo hivyo.

Kile kitanda kidogo hatukukitoa. Kiko kwenye kona yake ile ile. Anapangia vitambaa juu yake, vilivyokatwa tayari, na vyote vimekunjuliwa.